Rasta Nyeusi kwenye Kichupa cha Damu

Mimi ni mpambaji wa maharusi. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu, nikijichora na kujifuta mpaka kope zikawa zinauma. Hadi leo mstari wa nyusi ukipinda kidogo, nafuta wote naanza upya. Kwa hiyo madoa ya kahawia yalipotokea mashavuni na juu ya mdomo wangu, niliyaona kama kazi mbovu niliyobandikwa usoni ili wateja waione. Na waliiona. Mmoja alimnong'oneza dada yake nikiwa nachanganya poda: "Uso wake umemshinda, wetu atauweza?"

Nilisoma sana kuhusu PRP. Unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine mpaka maji ya njano yanajitenga na wekundu, kisha maji hayo, yenye chembe zinazosaidia ngozi kujijenga, unachomwa usoni. Nilijua wapo wanaopata nafuu na wapo wasioona mabadiliko. Nilijua pia kwamba ni kazi ya daktari. Nilijua yote hayo, na bado niliposikia kuna dada anaifanya mtaa wa Mlabani, nyuma ya saluni yake, nilikwenda.

Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kwenye kiti cha kulala alikuwapo mama mmoja mtu mzima, uso mweupe kwa krimu ya ganzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kuoga damu?" Akacheka huku midomo haifunguki vizuri. Alitoka kijiji cha Kisawasawa, na Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake.

Nilipakwa krimu, nikatolewa damu. Tone moja lilidondokea ndala yangu na dada akalifuta kwa taulo lilelile alilokuwa amefutia shingo ya mteja wa rasta. Nikajiambia nisiwe na kinyaa cha kitoto. Vichupa viwili, changu na cha yule mama, vikaingia kwenye mashine pamoja.

Ilipoacha kuunguruma, dada alivitoa akavisimamisha juu ya friji ya soda. Kila kimoja kilifungwa uzi wa rasta shingoni. Vyote viwili uzi mweusi.

"Dada, changu ni kipi?"

Akaviangalia. Akaviangalia tena. "Nyekundu iliisha asubuhi," akasema.

"Kwa nini huandiki majina?"

"Wino unafutika, mikono ina mafuta. Kwani wewe mpunga wako mashineni unauandika jina? Si unafunga kitambaa?"

Ni kweli. Mama yangu hufunga gunia lake kwa kipande cha kanga, na hajawahi kurudi kwetu Mofu na mchele wa mtu mwingine. Kwa sekunde chache hoja ile iliniingia akilini kabisa, na hilo linanichefua kuliko taulo.

"Basi angalia mwenyewe," dada akasema. "Kipi chako?"

Nikainama, nikaangalia. Kimoja maji yake yalikuwa maangavu kama chai ya rangi isiyokolea. Kingine kilikuwa na ukungu, mafuta yakielea juu kama supu iliyolala. Nikatamani kile kizuri kiwe changu. Mkono ulishaanza kunyooka kukionyesha. Nilikuwa tayari kuchomwa usoni damu ya mtu nisiyemjua, mradi ipendeze kwa macho.

"Chukua chochote, mwanangu," mama akasema kutoka kitini. "Mi niwahi gari la Kisawasawa."

Nikavichukua vyote viwili nikavimwaga kwenye sinki la kuoshea nywele. Njano ikatangulia, kisha wekundu mzito ukateleza polepole juu ya vishungi vya nywele vilivyoziba tundu, ukagoma kushuka. Ukabaki pale unametameta. Nikafungulia maji. Yakajaa, yakawa ya waridi, na povu la shampuu likapanda juu yake.

"Umemwaga na yangu!" Mama aliinuka, krimu ikimdondoka kidevuni. "Sasa Jumamosi nitakaaje mbele za watu?"

"Mama, nitakupamba mimi. Bure."

Akanitazama vizuri, shavu hadi shavu. "Wewe? Na uso huo?"

Dada alikuwa ananitukana kwa sauti inayofika barabarani. Nikatoka, nikausahau mwavuli niliokuja nao kujikinga na jua, na mchana ukiwaka moja kwa moja juu ya madoa niliyokwenda kuyaondoa.

Nyumbani nilinawa mara nyingi nisizoweza kueleza, na bado nilihisi njano ile imenishika vidoleni. Mama yangu alinipakulia wali na samaki. Sikutaka, lakini sikutaka pia kuulizwa. Mdomo wa juu ulikuwa bado umekufa ganzi, nikautafuna pamoja na wali bila kujua, mpaka chumvi ya damu ikajaa ulimini.

Niliimeza. Hiyo angalau nilijua ni yangu.