Boksi la Tano

Agosti 1974 nilimpoteza ndugu yangu Ekisa, mwalimu wa hesabu huko Amukura. Homa, siku tatu tu. Ninayoyasema hapa niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, na pombe sinywi.

Ekisa alikuwa akiwafundisha vijana wa kidato cha tatu jinsi mashine inavyoweza kujifunza. Mashine gani? Maboksi tisa ya kiberiti, niliyomkusanyia kutoka kwa madereva wanaokunywa chai kwangu Malaba. Mnaweka njiti kumi mezani, kila mmoja anaokota moja au mbili. Anayeachiwa ya mwisho ameshindwa. Kila boksi lilikuwa na namba ya njiti zilizobaki, na ndani punje za mahindi na maharagwe. Unachomoa bila kuangalia. Ikitoka hindi, mashine inaokota moja; ikitoka haragwe, mbili. Ikishindwa, punje iliyoiponza inatolewa. Polepole inaacha kushindwa.

“Kosa halichapwi,” aliwaambia. “Linatolewa tu.”

Siku moja aliyaacha kwangu. Asubuhi kuni zilikuwa mbichi, nikawashia moto boksi la tano bila hata kulitikisa. Kesho yake mashine ilikwama mbele ya darasa, vijana wakamcheka. Aliniuliza. Nikasema sijui. Wiki iliyofuata tulimzika.

Tulipomaliza kunyoa nywele za matanga nilirudi kazini na yale maboksi manane, niliyoyakuta chumbani kwake. Alasiri moja akaingia mgeni, kofia imemfunika macho. Nikadhani ni dereva. Aliagiza chai, akapanga njiti kumi mezani bila kuniuliza. Tukacheza, mimi nikiishikia mashine. Zilipobaki tano, mkono wangu ukasimama.

“Fungua, dada.”

“Halipo. Nililichoma mimi. Nikamdanganya.”

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

“Kosa halichapwi,” akasema.

Niliinua kichwa. Benchi tupu, chai imejaa kikombe. Dereva mmoja mlangoni akacheka: “Mama, siku hizi unajiuzia chai na kujiongelesha?”

Utaniamini? Mezani palikuwa na boksi la tano. Ndani, hindi moja tu.

Wewe unayesoma, ukimdanganya mtu wako, mwambie leo. Si kila mmoja wetu huletewa mgeni.

Jumatatu vijana walikuja kuyachukua. Walicheza mpaka jioni, mashine haikushindwa hata mara moja. Kisha mmoja akalinusa boksi la tano.

“Mama, mbona hili linanuka moshi?”

Nikamwambia.