Mpira wa Serikali Uliojua Kuogelea

Wadogo zangu wa darasa la chini, kazi niliianza asubuhi ile Frère Direkta, mkubwa wa shule yetu ya misheni, alipofunga masomo. Meli ya serikali ilikuwa imegonga jiwe katika Lualaba, ikazama. Watu wake walitoka wazima. Mzigo ulikuwa mabonge ya mpira wa pori, ule wanaoutaka Wazungu kwa vita vyao, na mpira hauzami. Ukatufuata mpaka ukingoni kwetu.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Kapita, msimamizi wa vibarua.

"Wewe wa masomo, ingia mu maji. Mpira wa serikali ni wa serikali, hata ukiogelea."

"Na mamba, Kapita? Naye iko wa serikali?"

"Ukimukuta, mwulize."

Kazi yenyewe ni hivi: unaingia mpaka kiunoni, unavuta bonge kwa fimbo, unalitia ndani ya kapo, unapanda nalo. Bonge lililolowa lina uzito wa mbuzi aliyekataa kutembea. Siku ile ile ya kwanza mgongo wangu ulizeeka.

Nyumbani baba alikuwa na kidonda cha mguu. Hakuweza kwenda porini kukata kamba zinazotoa utomvu wa mpira, na asiye na mpira siku ya mizani, serikali inapopima mzigo wa kila mtu, anafungwa. Basi mabonge mengine yalipita nyuma ya jiko letu. Mama aliyakausha kwa moshi, akayapaka udongo na maganda ya miti, maana mto ulikuwa umeyaosha, na mpira wa pori haufiki safi namna ile.

Kumbe kila nyumba ya ukingoni ilikuwa inapika mpira.

Siku ya mizani Bwana Agronomu, Mzungu wa kilimo na mkubwa wa wakubwa wangu, alizunguka lundo letu akicheka.

"Kumbe munaweza! Hata huyu wa mguu mubovu! Basi kila mwezi mutaleta vile vile."

Mjinga, au mjanja kutushinda? Mpaka leo sijui. Kapita aliangalia chini. Ndani ya lundo yalikuwamo mabonge ya nyumba yake pia.

Hapo nikastaafu. Mtoni hakukubaki kitu, masomo yakafunguliwa. Ushauri wa mstaafu ni huu: mkiokolewa, okoleweni kidogo kidogo, mmoja mmoja, tena kwa sura ya huzuni. Meli haizami kila mwezi.

Baba hakufungwa. Jumatatu alizungusha kitambaa kwenye kidonda, akachukua kisu, akashika njia ya porini. Mimi nikaacha masomo ya siku ile, nikabeba kapo, nikatembea nyuma yake polepole, kwa mwendo wa mguu wake.