Kuinuka Madhabahuni

Nina magoti mawili na ninayapenda! Nasema hivyo kwa sababu kuna wakati yaliniaibisha mbele ya kanisa zima huku Kinoo. Nilikuwa nimepiga magoti kupokea ushirika, mama yangu kando yangu. Nikala mkate, nikanywa divai, kisha nikashindwa kuinuka. Uzito ulinigandisha pale chini. Mama, ambaye ana wajukuu wakubwa, alisimama, akanishika kwapa na kunivuta kama gunia la viazi huku foleni ikitungoja. Tangu siku hiyo, wenzangu wakienda mbele, mimi nilibaki kwenye benchi nikijifanya natafuta wimbo kitabuni. Niliukosa ushirika, na uliniuma.

Njia za mkato nilizijaribu zote. Kuna juma nililoishi kwa maji ya moto na ndimu, nikawagombeza wenzangu wa ofisini mjini bila kosa lolote. Jumamosi mtu akanialika Dagoretti kula mbuzi. Zile mbavu hazikupata hata nafasi ya kupoa.

Ndipo jirani akanipeleka Kangemi, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mbao, ambako mwalimu mmoja alifundisha yoga jioni. Mwalimu mwenyewe alikuwa mnene kama mimi, na hilo lilinifurahisha kupita kiasi. "Sasa, mrembo," akaniambia. "Hapa hatukimbizani na kilo. Tunaanza na kupumua." Kupumua! Mimi nilidhani najua. Tulipiga magoti, viganja sakafuni, tukainua mgongo kama paka aliyeona mbwa, kisha tukaushusha. Usiku huo iliniuma misuli ambayo sikujua nimeumbiwa, nikacheka peke yangu jikoni.

Ugali sikuacha, nani aache ugali? Niliupunguza tu, sukuma wiki ikachukua nafasi yake sahanini. Chai bila sukari niliizoea baada ya kununa sana. Siku za yoga nikawa narudi nyumbani kwa miguu, kutoka Kangemi hadi Kinoo. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, lakini changu kilikuwa kinapungua! Miezi ikapita, na sketi za ofisini zikaanza kuzunguka kiunoni zenyewe.

Mama alipoona hakufurahi. Kwetu mtu akikonda, watu hutafuta ugonjwa au mume mbaya. "Kwani unaficha nini?" akaniuliza, akinipakulia mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, wa kutosha watu wawili. Nikamweleza habari za yoga. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Hiyo ni kuabudu miungu ya watu! Na mtu mzima wa kanisa anajifanya paka!"

"Mami, mimi natafuta tu magoti. Nataka kurudi mbele."

Alijua ni mbele ya wapi. Mukimo wa ziada akaurudisha kwenye sufuria, na hakulitaja jambo hilo tena.

Jumapili ya ushirika, ilipofika zamu ya benchi letu, nilisimama. Nikapiga magoti kando ya mama, nikapokea, kisha nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. Nikatanguliza mguu mmoja, nikakaza tumbo, nikainuka. Mwenyewe! Nilitamani kupiga vigelegele pale pale mbele ya mchungaji.

Nilipogeuka kurudi, nikahisi sketi imeshikwa. Mama alikuwa bado chini, mkono wake mwingine umeng'ang'ania ubao wa madhabahu, macho yake kwangu. Nikainama, nikamshika kwapa, nikamwinua taratibu.

Tulirudi tumeshikana mikono, machozi yakinilengalenga. Kabla hatujaketi akaninong'oneza, "Hiyo mambo yenu ya paka huanza saa ngapi?"