Ungo wa Unga Chini ya Hema

Jumamosi, tarehe saba Juni. Asubuhi hiyo nilikuwa nikipangusa vumbi jekundu kwenye kioo cha duka letu mjini Voi, kwa gazeti lililoloweshwa maji, kwa sababu saa nne wageni wangefika kushuhudia bango jipya likifunuliwa. Lilikuwa limekwisha kutundikwa ukutani, limefunikwa leso. Maneno yote yaliyokuwa chini ya leso ile niliyajua, kwa kuwa niliyaandika mimi.

Ndugu yangu mdogo, ambaye ameliendesha duka tangu Baba afariki, ndiye aliyeniomba niandike historia fupi ya duka. "Dada, wewe ndiwe mwalimu wa kwetu," aliniambia kwenye simu. "Sisi wengine kazi yetu ni kuuza mabuti." Nilifurahi kuombwa. Siku hizi naihesabu furaha ile kuwa sehemu ya kosa.

Duka lilianza barazani, nje ya chumba tulichopanga karibu na stesheni. Dereva wa kambi moja ya mbugani alimletea Mama hema lililoraruka, lililokuwa linakwenda kutupwa, akidhani atalikata mifuko ya sokoni. Mama akalikata, akapata hema dogo la mtu mmoja. Alimshonea mkulima wa Kasigau aliyekuwa akilinda mahindi yake dhidi ya ndovu, akinyeshewa msimu mzima. Turubai lilijaa baraza lote, na wanawake waliopita kwenda sokoni hawakumwacha.

"Mama, huyo ndovu wako umempima kiuno?"

"Nimempima," Mama alijibu bila kuinua macho. "Anakushinda kidogo tu."

Kila hema alilolimaliza alilijaribu kwa namna yake. Alilisimamisha uani, akaketi ndani akiwa amepakata ungo uliotandazwa unga mwembamba, halafu akanituma nipande kwenye stuli na kumwaga maji juu ya mishono. Tone moja likianguka, unga ulionyesha mahali hasa, hata kama jicho halikuliona. Hapo alifumua mshono wote na kuanza upya. Unga ukibaki mkavu ulirudi kwenye debe, na hema likaenda Kasigau. Wakulima wa huko walileta jirani zao, kisha wakaja walinzi wa mashamba ya katani, kisha kambi zenyewe zilizokuwa zikitupa mahema.

Baba alikuwa karani wa reli. Mama alipokuwa ameshona kwa miaka mitatu, Baba alipanda Wundanyi kutafuta leseni, nayo ikaandikwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama mbele ya meza. Sitamdhulumu: ni yeye aliyetafuta chumba kinachotazama barabara, akaongeza tochi, kamba, mabuti na mifuko ya kulalia. Duka lilikua mikononi mwake. Ila hakuwahi kushika sindano, na alipokuwa hai hakuwahi kudai kwamba alishika.

Mswada wangu wa kwanza ulianza na mkulima wa Kasigau. Ndugu yangu aliusoma akacheka kwa upole.

"Dada, hii ni ndefu. Halafu mgeni anashuka treni, anataka hema la kupanda mlima, wewe unamwambia tulianza na turubai la jalalani? Anza na leseni. Leseni hata ina tarehe."

Ningeweza kukataa. Nimefundisha historia zaidi ya nusu ya umri wangu, na nimewakemea wanafunzi wasiohesabika kwa kudhani kwamba jambo huanza siku linapoandikwa karatasini. Nilifuta aya ya kwanza, kisha ya pili. Nilijiambia kwamba Mama hasomi tena, macho yake yana ukungu, na kwa hiyo hataumia. Hilo ndilo neno ninaloshindwa kujisamehe.

Leso ilipovutwa, watu walipiga makofi, na ndugu yangu akasoma kwa sauti. Duka hili lilianzishwa na baba yetu. Akaendelea hadi mwisho. Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele, chini ya dirisha ambamo cherehani chake kimewekwa kama pambo.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Ndugu yangu akainama, akamshika mkono. "Mama, wewe uko humo. Tumeandika familia. Ni sisi sote."

"Sindano ilikuwa moja," Mama alisema, "na vidole ilivyovidunga ni hivi."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa bibi mzee. Soda zikagawiwa. Njiani kurudi nyumbani Mama aliniuliza ni nani aliyeyaandika maneno yale mazuri, nikamwambia ni mimi. Tangu siku hiyo hajakanyaga dukani.

Wiki tano baadaye nilimtumia ndugu yangu barua hii.

"Ndugu yangu mpendwa,

Bango lililo ukutani ni kazi yangu, na si la kweli. Sikulaumu wewe peke yako. Wewe uliomba lifupishwe, mimi nilijua ninachokifuta. Pamoja na barua hii nakuletea maneno mengine. Nilimsomea Mama mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza alikaa kimya. Mara ya tatu alinisahihisha. Nilikuwa nimeandika kwamba hema lake la kwanza halikupitisha hata tone. Akasema lilivuja, unga ukaloa, akafumua, na kwamba nisipoandika hivyo nisiandike kitu.

Nimeandika hivyo. Yatundike Mama akiwa bado anaweza kuletwa kuyasikia. Kama ukuta hauna nafasi ya maneno haya, angalau toa cherehani dirishani umrudishie. Ameniuliza kiko wapi, nami sikuweza kumwambia kwamba tumekifanya pambo la duka la Baba.

Dada yako."