Waya wa Kumwingiza Tausi

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi nililala na waya mpya wa kuunganisha gitaa na spika kando ya mto wa kulalia, bado uko kwenye pakiti yake, unameta utadhani wa mfalme. Kukicha ni harusi ya Tausi, binti wa marehemu mjomba Kaseba. Mjomba ndiye aliyenifundisha gitaa, na alikuwa amemwahidi binti yake kwamba siku akiolewa, ataingia ukumbini kwa gitaa la baba yake. Hakuwahi. Kazi ikabaki kwangu, na kwenye mazoezi waya wangu wa zamani ukakata sauti mara tatu. Ndiyo nikakimbilia kununua huu.

Basi nikamwona Mjomba. Yuko kwenye kibanda chake cha kutengenezea redio, amefunga vifungo viwili tu vya shati, na harufu ya risasi ya kulehemu imejaa. Sikuogopa hata kidogo. Kabla sijamwamkia akaninyooshea mkono, anataka waya. Nikampa ule wa zamani, ambao kila nikimaliza kupiga nauzungusha kwenye kiwiko na kuukaza fundo. Akaupapasa pale ulipokatikia, karibu na jeki, kile kichwa cha kuchomeka kwenye gitaa, akacheka.

"Unaukaba shingo, mpwa wangu, halafu unataka uimbe?"

Nikaona aibu, nikacheka naye. Mara kibanda ni ukumbi. Watu wamekaa, Tausi yuko mlangoni na shela lake, anasubiri. Mjomba ananipa bisibisi na ule waya unaometa. Natafuta mahali pa kufungulia jeki, sipaoni. Imezibwa yote kwa plastiki. Jasho linanitoka. Tausi bado anasubiri. Mjomba anachomoa mfukoni waya mweusi, mnene, usio na urembo, anafungua kichwa chake kwa vidole na kunionyesha: shaba imesukwa kama wavu, na kibano kimeuma ganda la waya barabara.

"Usichoweza kukifungua, hutakitengeneza. Mwanangu asiingie kimya kimya."

Nikaamka. Jua limeshafika dirishani. Bila kuchana pakiti nikautazama ule waya: kweli, jeki zake hazina hata skrubu moja. Niliuchagua kwa kumeta tu. Nikalia kidogo, maana sauti yake ilikuwa bado sikioni, kisha nikatia bisibisi mfukoni nikaenda kumngoja mwenye duka. Leo sinunui waya kabla sijafungua kichwa chake pale pale mezani. Acha anicheke.