Mama Mkwe, Ukuta na Rejeta

Mama mkwe alikuwa ameapa hatapanda gari langu tena. Mara ya mwisho lilichemka njiani, akakaa juu ya jiwe kando ya barabara ya Kangundo kwa muda wa saa mbili, amepakata kuku. Sasa alikuwa amekuja kwetu Komarock kumwonyesha daktari macho, kesho yake anarudi Ukambani, na alishatangaza kwamba atapanda basi. Basi! Mkwe ana gari mlangoni, na mama wa watu anaburuta mizigo hadi stejini. Majirani wangesema nini? Jumamosi hiyo nikaamua kuiosha rejeta kwa mikono yangu mwenyewe, injini ipoe kama za wenzangu, na mama akubali kupanda.

Lazima nieleze jambo moja. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na la kusemwa hupitia kwa mtu wa tatu. Kwetu Murang'a pia tunawaheshimu wakwe, lakini tunaongea. Kwa miaka saba ya ndoa yule mama hakuwahi kunielekezea neno. Aliongea na ukuta, kisha mke wangu akanipasha ukuta umeambiwa nini.

Nikajipenyeza chini ya gari na karai la kufulia. Nilipofungua kizibo cha chini cha rejeta, yalitoka maji ya rangi ya chai ya kibanda, yamejaa kutu. Nikajaza maji safi, nikawasha injini dakika chache, nikayamwaga, nikarudia mpaka yakatoka meupe. Nilijisikia fundi kamili. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, amenipa mgongo.

Kisha nikamimina kulanti, ile dawa ya kijani ya kupoza injini, mpaka juu.

"Mwambie afungue hita," mama akauambia ukuta.

"Baba, mama anasema ufungue hita," mke wangu akasema.

Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa linakaanga mabati. Nikasema moyoni, maskini, uzee huu, mama wa watu anasikia baridi.

"Mletee sweta," nikamwambia mke wangu.

Akaletewa. Mama akaitazama ile sweta, akaiweka magotini.

"Mwambie asifunge kifuniko. Hewa itoke kwanza."

"Mama anasema usifunge, ati hewa."

"Mwambie hewa iko ya kutosha, asijali."

Nilikuwa nimetazama video mbili na nusu kwenye simu, ya tatu bando likaisha katikati. Nani angenifundisha? Nikafunga kifuniko, nikawasha injini, nikasimama nimeshika kiuno.

Baada ya robo saa hivi mshale wa joto ukapanda mbio hadi kwenye nyekundu. Mvuke ukaanza kufuka kwenye boneti. Nikazima injini, nikanyakua tambara, nikakimbilia kifuniko nikifungue kabla injini haijafa.

Vidole vikanidaka kifundo cha mkono.

"Toa mkono hapo, mjinga wewe!"

Nikageuka. Alikuwa ni mama mkwe, amenishika, amenikazia macho usoni. Mke wangu alijiziba mdomo. Mimi sikujua niogope mvuke au mila.

Akanivuta mpaka penye kigoda ndipo akaniachilia. Akautazama mkono wake kama aliyeukopa. Kisha akakunja mkono wa blauzi. Kuanzia kifundo hadi kiwiko, ngozi ilikuwa imekunjamana, kovu la miaka mingi.

"Lori ya marehemu mume wangu," akasema, akiniambia mimi. "Mimi ndiye nilikuwa tanboi wake, msaidizi wake wa safarini, kabla huyu hajazaliwa. Nilifungua kifuniko ikiwa moto. Mara moja tu."

"Si uliniambia ni uji?" mke wangu akauliza.

"Ningekwambia nini? Ulikuwa mtoto."

Siku zote nilidhani analidharau gari langu, na nilikuwa nimemkasirikia kwa hilo. Kumbe aliliogopa.

Tulingoja saa nzima lipoe. Mke wangu alianza, "Asiyesikia la mkuu…" nikamwomba asimalize. Ndipo mama akaniamuru: fungua polepole, acha wazi, washa, hita mpaka mwisho. Mapovu ya hewa iliyonaswa yakapanda kama ya githeri jikoni, kulanti ikashuka, mke wangu akaongeza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, nakanyaga mafuta kidogo kidogo, hita inanipulizia moto usoni, jasho linateremka hadi kwenye soksi. Kila nilipotaka kushuka mama alitikisa kichwa. Mapovu yakaisha, akanionyesha kifuniko, nikafunga. Mshale ukasimama katikati na ukakaa hapo hapo.

Asubuhi mizigo ilikuwa mlangoni. Mke wangu akamwuliza mama kama tumsindikize stejini. Mama akafunga lesso yake vizuri, uso ukutani.

"Mwambie…" akaanza.

Akageuka.

"Wewe," akaniambia, "washa gari twende."