Kiganja cha Kasereka Juu ya Bomba

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Mangobo, mtaa wa Kisangani, tena saa sita mchana, jua likiwa utosini.

Mimi nilikuwa mchimba visima. Kabla ya kuja Kisangani nilifanya kazi mashariki, karibu na milima ya volkeno, tukitoboa mwamba kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Mwamba ule ni mkaidi. Unamaliza meno ya kekee, nyufa zake zinameza maji, na chini kuna joto la kutisha. Ndiyo maana maji baridi lazima yashuke shimoni bila kukatika. Ukiyafunga, mvuke unapanda. Mwenzangu Kasereka alizoea kuweka kiganja juu ya bomba ili ajue hali ya chini. Siku moja alinionya, akiniita kaka mkubwa kwa Kifaransa, "Grand, iko moto. Usifunge maji."

Nikafunga, kwa haraka ya kwenda kula. Mvuke ukamuua. Wakubwa walipouliza, nikasema ni yeye aliyefunga. Maiti angenibishia vipi?

Basi, huku Mangobo tulikuwa tukichimba kisima cha maji, vibarua walikuwa wamekwenda kula fufu, nami nimebaki peke yangu kama kawaida. Nikamwona Kasereka, kiganja juu ya bomba langu. Niamini! "Grand, iko moto," alisema. Nikagusa. Bomba liliniunguza, na huku chini ni mchanga na maji baridi tu.

Alikuja siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikamtengea kiti. Naona aibu kusema, lakini tangu nihamie mji huu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimeamkaje.

Hakukaa. "Kwanza uende kwa bibi yangu."

Mjane wake naye alihamia huku, anauza maharagwe soko la hapa hapa, nami nilikuwa nikimkwepa. Watu walimwita bibi ya mzembe. Nikaenda, nikaungama yote mbele ya wateja wake. Hakulia.

"Papa, alishaniambia zamani," alisema. "Tulikuwa tunakungojea weye tu."

Kasereka hajarudi tena. Mkono wangu hauhisi moto wala baridi, na kazi nimeiacha. Wewe unayenisikiliza, usimtwike marehemu kosa lako. Atakuja kukurudishia, utamzoea, halafu ataondoka.